Ushahidi wa Ngozi ya Mzee Kavu

Mji wa Mtwara ukikupenda unakupa jina la pili, na jina hilo halikuombi ruhusa. Josephu Ndunguru alikuja mjini hapa akiwa kijana kutoka Mbinga, akaajiriwa ukarani bandarini, na kwa miaka mingi aliitwa Karani tu, jina lisilo na chumvi wala pilipili. Siku za Jumamosi alikuwa mshereheshaji wa harusi, wa kiwango cha kawaida. Akishika kipaza sauti anatumbua macho, anarusha mikono, anacheka mizaha yake mwenyewe kabla hajaimaliza, na wageni wanacheka kwa adabu huku wakiulizana chakula kitaletwa lini. Nasema haya bila kumwonea. Mkewe Sabina alikuwa anasema mabaya zaidi.

Kisha, alipokaribia kustaafu, mambo yakageuka. Watu wakaanza kuvunjika mbavu. Josephu anasimama wima pale mbele, uso hautikisiki, sauti imeshuka mpaka watu wanaacha kutafuna ili wamsikie, anasema, "Bwana harusi ameahidi kumpenda mkewe katika shida na raha. Kamati imeomba tuanze na shida, maana soda zimekwisha." Hapo hacheki. Anautazama ukumbi kama mtu anayesoma tangazo la msiba, na ukumbi unagaragara. Mkono wake wa kushoto unaning'inia tu ubavuni, na wanakamati wakasema huo ndio ustaarabu, si wale wanaorusha mikono kana kwamba wanafukuza nzi. Hata mwendo wake wa kuwaingiza maharusi, hatua fupi fupi za kuburura viatu, vijana waliuiga ukawa mtindo. Wakamwita Mzee Kavu.

Yeye alidhani wanamwita hivyo kwa sababu hanywi pombe akiwa kazini.

Ndiyo hivyo, alikuwa hajui. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Huyu wetu alikuwa haoni hata uso. Kwa jinsi alivyojihisi kwa ndani, alikuwa anatabasamu kama zamani na kutumbua macho kama zamani. Kilichobadilika ni mizaha, imekomaa. "Nimechelewa kuiva," alimwambia Sabina, "lakini nimeiva." Sabina akamjibu kwamba wali nao huiva, na usipoutazama huungua. Hakuna aliyemwambia kitu zaidi ya hapo, kwa kuwa kila mtu aliamini ule ni usanii, na msanii haulizwi kwa nini uso wake uko vile.

Josephu alikuwa na binti mmoja, Doris, mwalimu wa shule ya msingi kule Kitaya. Kwenye semina ya walimu Doris akakutana na Brian, mwalimu wa hesabu wa Nanyamba, kijana wa Kinyakyusa, mrefu, mwenye haya, ambaye hata akiomba maji ya kunywa huanza na samahani. Josephu alimpenda siku ya kwanza. Kijana alikuja kusalimia, akakuta bomba la jikoni linavuja, akavua saa yake akalikaza bila kuombwa na bila kuhutubia. Katika ukoo wa Ndunguru mtu anayefanya kazi bila kuhutubia hajawahi kuzaliwa, na Josephu aliona sasa Mungu anawaletea mmoja kwa njia ya ndoa.

Siku ya posa wakaja wazee watatu, wakiongozwa na mjomba wa Brian, Mzee Samweli, mtu wa suti na wa maneno machache. Sabina alikuwa amepika tangu alfajiri. Josephu alikuwa na furaha ambayo haikuwa na mahali pa kukaa mwilini. Alitabasamu tangu wageni walipovua viatu mlangoni mpaka walipovivaa tena, na alihisi mashavu yamemchoka. Mzee Samweli alipomaliza kueleza kwamba wamekuja kumtafutia kijana wao jiko, Josephu akasema, kwa sauti yake isiyopanda wala kushuka, "Nimefurahi sana. Sijawahi kufurahi namna hii."

Wazee wakatazamana. Mmoja akarudisha paja la kuku sahanini, polepole, kama aliyegundua kwamba lina mwenyewe.

Kesho yake Mzee Samweli akampigia Sabina simu. "Mama, tunaiheshimu nyumba yako. Lakini sisi hatuendi kuposa matangani. Huyo baba akitaka kukataa, akatae kiume tusikie. Kutuambia amefurahi kwa uso kama ule ni kejeli, na sisi kejeli hatukuja nayo wala hatutaondoka nayo."

Doris alilia mpaka macho yakavimba. Akamkabili baba yake sebuleni.

"Baba, kama humtaki Brian, sema."

"Namtaka. Nimesema mbele za watu kwamba namtaka."

"Kwa sura ile?"

"Sura ipi?"

Doris akaona anafanyiwa mzaha siku ambayo hata shetani angepumzika. Alibeba begi lake akarudi Kitaya, na Jumamosi zilizofuata hakuonekana tena Ufukoni, mtaani kwa wazazi wake. Alimwambia mama yake neno moja tu kwenye simu: "Siolewi na baba amenuna." Wala haikuwa tishio. Doris alikuwa mtoto wa baba yake, na kwake harusi bila furaha ya Josephu Ndunguru ilikuwa ni kuhama nyumba usiku na godoro kichwani.

Ikamuuma Josephu. Mchana alikuwa akisimama bandarini akitazama makontena ya korosho yakipanda melini, akijiuliza amekosea neno lipi. Aliyarudia yote aliyosema siku ile. Yote yalikuwa mazuri.

Sasa ikaja harusi moja pale Shangani. Mshereheshaji ana adui mmoja tu duniani, naye ni mtu asiyecheka, na siku hiyo adui alikuwa ameketi meza ya mbele: shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Ukumbi mzima ulikuwa hoi, yeye anatazama tu. Josephu alimrushia mzaha wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwisho akasema, "Kuna mama hapa mbele hacheki. Naomba wahudumu wamwongezee nyama, huenda tatizo liko kwenye sahani." Watu wakapiga meza. Yule mama akaendelea kuutazama mkono wa kushoto wa Josephu.

Baada ya chakula akamfuata uani, palipokuwa na masufuria.

"Shikamoo, mzee. Mimi naitwa Irene, ni daktari wa mishipa ya fahamu."

"Marahaba, Daktari. Unisamehe kwa ule mzaha."

"Umechekesha sana, nilicheka moyoni. Nikuulize, mzee wangu, hili pilau linanukiaje?"

Walikuwa wamesimama hatua moja kutoka kwenye sufuria kubwa ambalo mpishi alikuwa analikomba, na harufu ya bizari ilikuwa imewaita paka wa mtaa mzima.

"Kumbe kuna pilau?" akauliza Josephu.

Daktari Irene akatikisa kichwa kidogo. "Naomba unitabasamie."

Josephu akatabasamu. Daktari akangoja.

"Ukiwa tayari, mzee."

"Nimeshatabasamu."

"Basi tabasamu tena, sana."

"Daktari, nikizidisha hapa nitachanika."

Mpishi aliacha upawa akaketi juu ya gunia, maana Mzee Kavu alikuwa anatoa onyesho la bure uani. Daktari hakucheka. Alitoa simu akampiga picha, akamwonyesha. Josephu akaona kwenye kioo mtu mmoja mwenye uso wa kitambulisho, anayetazama mbele kama anayesubiri jina lake liitwe ofisini.

"Huyu nani?" akauliza, ingawa shati alilijua.

Sabina akaitwa kutoka ukumbini. Daktari akamuuliza kuhusu usingizi wa mumewe, na Sabina, ambaye alikuwa amengoja miaka mtu amuulize swali hilo, hakuficha. "Anapiga mateke, Daktari. Usingizini analinda ghala la bandari, na mwizi ni mimi."

Daktari Irene akawaketisha kwenye viti vya plastiki akawaeleza polepole. Pua kutosikia harufu, uso kuganda, sauti kushuka, mkono kutoyumba mtu akitembea, mateke ya usingizini. Hayo yote yakikutana kwa mtu mmoja yanaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa wa Pakinsoni.

"Ugonjwa wa kutetemeka?" Josephu akanyoosha mikono mbele. "Mbona sitetemeki?"

"Kwa wengi kutetemeka huja baadaye, na kwa wengine hakuji kabisa. Zamani tulikuwa tunangoja mtu atetemeke ndipo tuseme, na kufikia hapo ubongo umeshapoteza mengi. Siku hizi tunaweza kuiuliza ngozi."

Akasema kwamba ndani ya ngozi mna nyuzi nyembamba za fahamu. Katika ugonjwa huu protini fulani hujikunja vibaya, ikarundikana humo, na kwa darubini na rangi maalumu inaonekana. Alikuwa na utafiti wake: angechukua vipande vidogo, kimoja cha shingoni nyuma, kimoja cha pajani na kimoja juu ya kifundo cha mguu, vipelekwe maabara ya Ulaya. Wiki ijayo angekuwa kwenye hospitali moja hapa hapa mjini.

Mtu mwingine angefikiria uzee, fimbo na kitanda. Josephu alifikiria posa.

"Kwa hiyo siku ile wale wazee walipokuja, mimi natabasamu, na wao hawaoni?"

"Inawezekana kabisa."

"Hata mwanangu hakuona."



Jioni ile ile akampigia Doris. Akamweleza yote, pua, uso, protini. Doris akasema, "Baba, wewe ukisema mvua inanyesha mimi huchungulia dirishani kwanza. Miaka yote umetuchekesha kwa mambo ya uongo bila kucheka. Sasa mchumba wangu umemfukuza, na umepata ugonjwa wa kununa usiouma. Nikuamini vipi?"

"Ngozi ikisema, utaamini?"

"Ngozi ikisema, nitaamini. Ngozi haijui mzaha."

Basi ikawa hivyo, na tazama mtego wenyewe. Ngozi ikisema yupo mzima, Josephu ni baba aliyenuna siku ya posa ya mwanawe kisha akasingizia maradhi, na Doris hana baba wa kumsindikiza. Ngozi ikisema anaumwa, Doris ana baba, lakini baba ana ugonjwa usioondoka. Kanisani Jumapili Josephu alipiga magoti kwa muda mrefu, na hakujua aombe lipi.

Sabina yeye hakuwa na muda wa mafumbo. Alikuwa amebaki na jambo moja kichwani: ngozi ya mume wake inakwenda Ulaya. Na aliijua ngozi hiyo. Ilikuwa imekaa bandarini zaidi ya miaka thelathini, juani, katika vumbi na chumvi, na shingoni ilikuwa imepauka kama mwamba uliokauka maji yakipwa. Wazungu wataitazama kwa darubini, watasema huyu hana mke.

Akavuka ua kwenda kwa jirani yake Mama Latifa. Mama Latifa alikuwa somo, mwanamke wa kuwafunda mabibi harusi na kuwatengeneza ngozi, na hakuna bibi harusi wa Ufukoni aliyetoka mikononi mwake bila kung'aa. Alimsikiliza Sabina mpaka mwisho, akatafuna tambuu yake.

"Daktari kasema nini juu ya ngozi?"

"Aoge vizuri, asipake mafuta."

"Mafuta kakataza. Singo je, kakataza?"

"Hakuitaja."

"Basi," alisema Mama Latifa, akainuka. "Ntu hapeleki ngozi ughaibuni ikiwa namna ile. Ni aibu yetu sote."

Akatwanga singo ya kumsugua. Liwa, manjano, karafuu, unga wa mchele, maua ya asumini yaliyokaushwa, akachanganya na maji ya mawaridi kwenye bakuli la udongo. Kwa kuwa si heshima kwake kumsugua mume wa mtu, alikaa barazani na kutoa amri kupitia dirishani, na Sabina ndani akawa anatekeleza. "Nsugue kwenda juu, usishushe," alisema Mama Latifa. "Kifundoni pagumu, rudia. Analalamika? Hata Mwanahamisi wa hapo nyuma alilalamika, sasa ana watoto wanne." Bibi harusi husingwa siku saba kwa utulivu; Josephu, kwa kuwa siku zilikuwa haba, alisingwa asubuhi na jioni. Alilala kifudifudi juu ya mkeka, paja wazi, akipanga moyoni namna ya kuligeuza jambo hili liwe mzaha wa Jumamosi, akaona hapana, watu hawataamini.

Siku ya siku wakaenda hospitali. Kwenye benchi la kungojea watu waligeuka mmoja baada ya mwingine. Wanawake walitabasamu, kizee mmoja akamuuliza Sabina harusi ni ya nani. Josephu hakuelewa wanatazama nini. Alikuwa ananukia kutoka kichwani hadi nyayoni, na mtu pekee katika jengo lile asiyeisikia harufu hiyo alikuwa yeye mwenyewe.

Daktari Irene akamwambia apandishe mguu wa suruali. Akaangalia, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. Paja lilikuwa la manjano kama wali wa sikukuu, na chini ya umanjano lilikuwa jekundu, laini, limechubuka. Shingo hivyo hivyo. Kifundo ndicho kilikuwa kibaya zaidi.

"Mzee, umeungua na nini?"

Muuguzi wake, binti wa Mikindani aitwaye Husna, alikuwa ameshaelewa tangu mlango ulipofunguliwa. "Daktari, hajaungua," alisema. "Amesingwa. Huyu ni biharusi kabisa." Akaomba ruhusa akatoka nje, na kicheko chake kikasikika mpaka dirisha la dawa.

Sabina alijitetea. Mafuta hakupaka. Hata tone. Daktari alikubali kwamba ni kweli, mafuta hayakupakwa, na akasema kosa ni lake kwa kutoijua Mtwara vya kutosha. Lakini ngozi iliyochubuliwa hivyo hawezi kuikata. Kidonda kinaweza kuoza, na vipande vyenyewe havitakuwa na hali nzuri. Aliandika: waje tena yeye akirudi kutoka Lindi, anakokwenda kwa utafiti huo huo, ngozi ikipona, na safari hii asisuguliwe na kitu chochote kilichotwangwa, kupondwa wala kuombewa.

Walitoka nje wakasimama kwenye kivuli cha ukuta. Josephu alikuwa amekasirika. Nataka ieleweke kwamba alikuwa amekasirika kweli kweli, tangu kisogoni hadi kwenye kile kifundo, kwa sababu kila siku iliyoongezeka ilikuwa siku nyingine ya Doris kukaa Kitaya akiamini hapendwi.

"Umekasirika, Baba Doris?" Sabina akauliza.

"Sana."

"Mbona huonyeshi?"

Akaisikia sentensi yake mwenyewe baada ya kuisema. Akamtazama mumewe usoni, akatazama kwa bidii, kama mtu anayetafuta nyumba aliyokuwa akiijua, na hakuona hasira wala huzuni wala chochote. Wakati huo ndipo Sabina alipoamini, kabla ya ngozi na kabla ya Ulaya. Akaanza kulia pale pale ukutani. Kwa miaka mingi alikuwa akiwaambia rafiki zake kwamba mume wake amekuwa mgumu, siku hizi hata ukimpikia anachokipenda hafurahi. Kumbe mumewe alikuwa anakula na furaha yake yote, na yeye mkewe hajui.

"Nilikuwa nafurahi," Josephu akasema. "Hasa siku za samaki wa nazi."

Mara ya pili mambo yalikwenda vizuri. Mama Latifa alifungiwa lango kwa heshima. Daktari akachoma sindano ya ganzi, akatumia kifaa kidogo mfano wa kalamu, akatoa vipande vitatu kila kimoja kama punje ya mtama, akashona uzi. Josephu aliomba avione. Vilikuwa kwenye vichupa, vidogo mno kwa kazi waliyopewa. "Mkifika huko," aliviambia, "semeni kweli, na msinichekeshe." Husna akatoka nje tena.

Zikapita wiki. Josephu aliendelea na harusi zake, maana Jumamosi haisubiri maabara. Lakini sasa alijua. Zamani alikuwa anawapa watu mzaha na uso. Sasa alijua uso hauendi, na kila walipocheka alijiuliza wanacheka nini. Nyumbani alisimama mbele ya kioo cha bafuni akajaribu kuyainua mashavu kwa vidole. Alifanikiwa kupata sura ya mtu aliyekanyaga msumari akiwa ibadani, akaachilia.

Daktari Irene alipopiga simu hakusema majibu. Alisema tu njooni, na kama binti anaweza, naye aje.

Doris alikuja kutoka Kitaya, vumbi la njia nzima likiwa kwenye nywele. Alimsalimia baba yake kwa shikamoo iliyonyooka kama rula, akaketi upande wa mama yake. Chumba kilikuwa kidogo, magoti yalikuwa yanagusana, na hakuna aliyetaka kuyagusa ya mwingine.

"Imeonekana," alisema Daktari Irene. "Shingoni ipo, kifundoni ipo. Pajani hawakuiona, na hilo hutokea. Kipimo peke yake si hukumu, lakini nikikiweka pamoja na pua, uso, mkono na usingizi, mzee wangu, ni Pakinsoni. Na kwa muda sasa umekuwa ukitabasamu bila sisi kuona."

"Asante Mungu," akasema Doris.

Lilimtoka zima zima, kwa sauti ya darasani. Halafu akalisikia. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, macho yakamtoka, akamtazama mama yake, akamtazama daktari, na uso wake, ambao ulikuwa mzima na ulifanya kazi zote, ukapita kwenye furaha, hofu na aibu kwa mkupuo mmoja.

"Baba, sikumaanisha."

"Ulimaanisha," Josephu akasema. "Usijali. Mimi mwenyewe lilikuwa hapa ulimini, umeniwahi tu."

Sabina akawaambia wote wawili wana wazimu, na kwamba yeye ndiye anayepigwa mateke lakini hakuna anayemwombea. Daktari alicheka, safari hii kwa nje.

Doris hakungoja. Alitoa simu pale pale, akampigia mjomba wa Brian, akaifungulia sauti, akaeleza kwa pumzi moja. Mzee Samweli alisikiliza. 

"Kwa hiyo siku ile alikuwa anacheka?"

"Anatabasamu, mjomba. Muda wote."

"Muda wote tuliokaa?"

"Muda wote."

"Masikini," alisema Mzee Samweli. "Mpe pole yake. Mwambie tunarudi, na safari hii aseme tu amefurahi, sisi tutajaza yaliyobaki."

Ndipo daktari akaeleza yaliyosalia. Dawa ya kuufuta ugonjwa hakuna bado. Dawa za kuusaidia mwili zipo, na huenda uso ukalegea kiasi. Atembee kila siku, arushe mikono makusudi, aimbe na kusema kwa sauti kubwa kuliko anavyodhani inatosha. Kujua mapema hakumponyi, lakini kunampa miaka ya kujipanga ambayo wengine hawakuipata. Josephu aliitikia kila neno. Aliuliza kama Jumamosi anaweza kushika kipaza sauti, akaambiwa ashike. Sabina akauliza kuhusu mateke, akaandikiwa kitu na kushauriwa ahamishie taa mbali na kitanda.

Kisha hakukuwa na la kuuliza tena. Nje muuguzi alikuwa anaita majina ya watu wengine. Doris alikuwa ameinamia simu yake, anamwandikia Brian, na alipoinua macho alimkuta baba yake amekaa vile vile, mikono mapajani, uso umetulia kama wa mtu asiye na shida yoyote duniani. Zamani angeuamini uso huo.

"Baba," aliuliza, "sasa hivi unafanya nini?"

Josephu alilitafuta jibu. Mzaha ulikuja, akauona, ulikuwa mzuri, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kushika kipaza sauti akauacha upite.

"Naogopa, mwanangu," akasema.

Doris alisogeza kiti chake mpaka kikagonga cha baba yake, akamshika mkono wa kushoto, akamwamini bila kumtazama usoni.